Nani Amkague Karani wa Jeshi la Akiba?

Kwa miaka mingi wakazi wa Kampala wamekunywa maji yanayovutwa kutoka Ziwa Viktoria pale Ggaba, kiasi cha kilomita 10 kusini-mashariki ya katikati ya jiji. Mama wa Kawempe anapofungua bomba alfajiri ili abandike chai hamkumbuki fundi aliyekesha penye mashine za kusukuma maji. Humkumbuka siku bomba linapokoroma na kutoa hewa tupu. Hapo ndipo watu huuliza: zamu ilikuwa ya nani?

Swali la namna hiyo lafaa kuulizwa pia juu ya watumishi wengine ambao kazi yao haionekani mpaka iharibike. Hao ni watumishi wa kudumu wa vikosi vya akiba: karani, mtunza bohari, mtunza silaha, mlipaji na mwalimu wa mafunzo. Wao hubaki kambini wakati wenzao wamekwisha vua sare na kurejea kwenye shughuli zao za kiraia. Kwa hesabu ya vichwa ni wachache mno. Lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka kikosi cha akiba ni wao tu. Wengine wote ni majina katika daftari.

Ggaba yenyewe watu huijua kwa soko la samaki na kwa mwalo wa mitumbwi iendayo ng'ambo ya Kyaggwe, mwisho wa barabara itokayo mjini kwa kupitia Kabalagala, Kansanga na Bunga. Hata hivyo, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Uganda, hapakosekani mtu aliyewahi kuvaa sare. Yuko mzee aliyestaafu jeshini akafungua duka la nyavu na kamba. Yuko kijana aliyepitia mafunzo ya ulinzi wa mitaa, ambaye leo anaendesha bodaboda au anapakua dagaa wale waitwao mukene. (Hawa wasichanganywe na askari walioletwa ziwani mwaka 2017 kuzuia uvuvi haramu. Hao walikuwa wa jeshi la kudumu, na hesabu yao iko kwingine.)

Askari wa akiba ni mtu wa maisha mawili. Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda ya mwaka 2005 ilitambua jeshi la kudumu na jeshi la akiba, na mwaka 2025 Bunge lilipoirekebisha sheria hiyo, jeshi la akiba lilitajwa miongoni mwa matawi ya jeshi pamoja na la nchi kavu, la anga na kikosi maalumu. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini sheria haimpi mtu buti linalomtosha. Siku mwito unapotoka, yule mpakuaji wa mukene anatakiwa, katika muda wa siku chache, aonekane kikosini, apimwe afya, apewe sare na bunduki ambayo namba yake imeandikwa mbele ya jina lake, alenge shabaha, aingizwe katika orodha ya malipo. Mambo yote hayo hutegemea yaliyofanywa, au yaliyoachwa bila kufanywa, katika miezi ambayo yeye hakuwapo.

Fikra ya kuweka watu wachache wa kudumu ili kuwatayarisha wengi wa akiba si ngeni. Waingereza walipounda jeshi lao la raia mwaka 1908 waliweka katika kila kikosi maofisa na masajini waliotolewa katika jeshi la kudumu, ili wafunze na kuweka hesabu. Jirani zetu Tanzania walipoanzisha mgambo kwa nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, waliwaweka wanajeshi mikoani na wilayani kwa cheo cha mshauri wa mgambo. Mgambo walifunzwa vijijini na mahali pa kazi, jioni baada ya jembe na baada ya kiwanda. Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978, mgambo kiasi cha 40,000 waliingizwa katika jeshi, na baadhi yao walikuwa katika safu zilizoingia Kampala mwezi Aprili 1979. Wazee wa Ggaba waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kuelezwa kwamba akiba si jeshi la maonyesho.

JICHO LISILOKUWAPO

Tofauti kati ya bohari ya kikosi cha kudumu na bohari ya kikosi cha akiba si ukubwa wala rangi ya mlango. Tofauti ni macho. Katika kikosi cha kudumu mtunza bohari anaamkia mbele ya mamia ya askari wanaolala hapo hapo. Mablanketi yakipungua, watu huona baridi usiku uleule. Unga wa posho ukipunjwa, jambo hilo hujulikana mezani saa saba mchana. Karani akikosea mshahara wa mtu mmoja, mtu huyo yuko mlangoni kwake kesho asubuhi, na keshokutwa amekuja na sajini wake.

Katika kikosi cha akiba macho hayo hayapo. Askari huja kwa majuma mawili, akaambiwa hiki kipo na hiki hakipo, akaamini, akaenda zake. Hajui ni jozi ngapi za buti zilizotolewa kwa ajili ya kikosi chake, wala haijui siku ya malipo ilipotajwa mara ya kwanza. Akidai sana huogopa asije akafutwa jina, kwa kuwa mwenye kalamu ya kufuta ni huyo huyo anayedaiwa. Kamanda naye, aghalabu mwenye majukumu mengine, huja, hutazama gwaride, hutia sahihi katika karatasi alizotayarishiwa, huondoka. Sahihi yake ni halali, lakini macho yake hayakufika kila mahali sahihi ilipofika.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walisahau kutuambia habari za daftari lenyewe linapokuwa ndilo mwizi. Uganda imekwisha onja uchungu huo. Kwa muda mrefu palisemwa juu ya wanajeshi hewa, yaani majina yanayokula mshahara bila kuwa na mwili, na mwezi Machi 2008 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimtia hatiani Meja Jenerali James Kazini, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi, kwa kuisababishia serikali hasara ya kiasi cha shilingi milioni 60 kwa njia ya majina ya namna hiyo. Hayo yalitokea katika jeshi la kudumu, ambako watu hujipanga mstari kila asubuhi na wanaweza kuhesabiwa kwa kidole. Msomaji na apime mwenyewe ni rahisi kiasi gani kuficha jina hewa katika orodha ya watu ambao, kwa desturi ya kazi yao, hawaonekani.

KALAMU MOJA, MAELFU WALIPAO

Yako madhara mengine yasiyofahamika upesi. Watu hudhani kwamba karani mbaya huwapunja askari tu. Kumbe karani mbaya aweza pia kuwapa wasichostahili, na hilo likawa balaa kubwa zaidi.

Mfano wake ulionekana Marekani, katika jimbo la California. Wakati wa vita vya Irak na Afghanistan, jeshi la akiba la jimbo hilo lilikuwa likitoa fedha za motisha kwa wale waliokubali kuongeza muda wa utumishi. Wengine walipata dola 15,000 na zaidi. Sajini mwandamizi mmoja aliyesimamia malipo hayo alipitisha madai yasiyo ya haki. Mwaka 2011 alikiri mahakamani makosa yenye kuhusu dola milioni 15.2, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 30. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini wakaguzi walipoendelea kupekua, askari karibu 10,000 waliambiwa kwamba malipo yao yalikuwa na kasoro na kwamba huenda wakatakiwa kuyarudisha. Wengi wao hawakujua lolote. Walikuwa wametia sahihi karatasi waliyowekewa mezani, wakaenda vitani, baadhi wakarudi na majeraha, wakanunua nyumba, wakasomesha watoto. Miaka mingi baadaye barua ya deni ikawafikia mlangoni. Wako waliokatwa mishahara, wako walioingia madeni mapya ili walipe la zamani. Habari zilipoenea mwezi Oktoba 2016, Waziri wa Ulinzi wa nchi hiyo, Ash Carter, aliamuru madai hayo yasimamishwe.

Nchi ile ina fedha, ina mashine za hesabu, ina wakaguzi wa kila daraja. Yote hayo hayakuzuia kalamu ya mtu mmoja, kwa kuwa waliopaswa kuiangalia kila siku walikuwa majumbani kwao. Kwa hiyo isisemwe kwamba tatizo la makarani wa akiba ni tatizo la umaskini, au la Afrika. Ni tatizo la kazi inayofanyika bila mashahidi.

MWALIMU NAYE NI MTUMISHI

Ni kosa kudhani kwamba kutoa hesabu ni jambo la fedha na mablanketi peke yake. Mwalimu wa mafunzo naye ana deni, ingawa deni lake huonekana barabarani badala ya kuonekana kwenye leja.

Baada ya mauaji yaliyotia hofu nchini, likiwamo la mbunge Ibrahim Abiriga mwezi Juni 2018, serikali iliamua kuvirudisha vikosi vya ulinzi wa mitaa, vijulikanavyo kwa herufi LDU. Vijana waliandikishwa kwa barua za wenyeviti wa LC1, wengi wakafunzwa Kaweweta, kisha wakapangwa kulinda Kampala na vitongoji vyake kwa malipo yaliyotajwa kuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kisha ukaja mwaka 2020 na maradhi ya Korona, na amri ya watu kutotoka nje usiku. Malalamiko yakazidi: watu wamepigwa, wengine wamepoteza maisha. Mwezi Julai mwaka huo uongozi wa jeshi uliwaondoa kwa muda katika mitaa ya Kampala ili wafunzwe upya.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini watu wengi walimtazama kijana mwenye fimbo mkononi, wachache wakauliza juu ya aliyemfunza. Kijana wa miaka 20 aliyetoka kijijini hazaliwi akijua namna ya kumsimamisha mama anayetoka sokoni saa mbili usiku na beseni la samaki kichwani. Hufunzwa, au hafunzwi. Kanuni za maadili za NRA tangu miaka ya 1980 zilimkataza askari hata kuchukua muwa wa raia bila kuulipia, na kumtukana au kumpiga. Iwapo somo hilo lilisomwa kwa haraka ili kozi iishe, au halikusomwa kabisa, jina la mwalimu lingepaswa kuwamo katika uchunguzi pamoja na jina la kuruta. Na kama posho ya kijana ilichelewa miezi miwili akalinda akiwa na njaa, jina la mlipaji nalo.

WANAOTUPWA NA WANAOTUMIKA

Haitakuwa haki kuwashutumu watumishi hawa wote kwa jumla. Kazi yao ni ya upweke, haina nishani, na mara nyingi hupewa mtu bila kuulizwa kama anaiweza. Majeshi mengi duniani yana tabia moja mbaya: kamanda akiwa na ofisa mlevi, au sajini mgomvi, au karani aliyechoka, humtafutia nafasi mahali ambapo hatamsumbua tena. Mahali hapo aghalabu ni akiba. Kisha watu hushangaa kwa nini akiba haiendi. Kikosi kinachofanywa jalala kitanuka kama jalala, na aliyetupa takataka ndiye wa kwanza kuziba pua.

Kwa upande wa pili, yuko karani anayeifahamu kazi yake, na heri kikosi kinachompata. Huyu hangoji mwito utoke ndipo atafute watu. Anajua kwamba mvuvi wa Ggaba hakai mahali pamoja. Samaki wakihama, naye huhama, leo yuko Ggaba, baada ya miezi mitatu yuko kisiwani Koome, mwaka ujao yuko Buvuma. Anajua kwamba namba ya simu ya mwaka juzi huenda leo ni ya mtu mwingine. Basi kila baada ya miezi michache hupiga simu, huuliza, hufuta, huandika upya. Akisikia kwamba fulani amefariki, huenda msibani, na akirudi huliondoa jina lake katika orodha ya malipo siku ileile na kufungua jalada la haki za mjane. Mwenzake wa bohari huanika mablanketi juani kabla ya masika, hupaka bunduki mafuta ijapokuwa hakuna anayetarajiwa kuzitumia, na hatoi hata koleo bila sahihi. Watu kama hao ndio wanaostahili kupandishwa cheo kwanza. Ajabu ni kwamba kwa kuwa hawana kelele, husahaulika hata siku ya kupandishwa.

SANDUKU LA NYUMBANI

Hapa ndipo jambo hili linapoingia katika nyumba. Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja muuza samaki, mke wa askari wa akiba. Mumewe aliitwa, akatumika miezi kadhaa, akafariki kazini. Mama anakwenda makao ya kikosi amefunga khanga ya matanga.

"Afande, nimekuja juu ya haki za marehemu."

"Pole sana, mama. Jina lako nani?"

Karani anafungua jalada. Ndani yake, katika nafasi ya mrithi, limeandikwa jina la mama mzazi wa marehemu, ambaye naye alikwisha fariki. Fomu hiyo ilijazwa siku kijana alipoandikishwa, hajaoa. Tangu hapo ameoa, amezaa watoto wanne, amekuja mafunzoni mara tano, na katika mara hizo tano hakuna aliyemuuliza swali moja tu la dakika mbili: je, nyumbani kwako pamebadilika? Hapo hakuna aliyeiba senti. Lakini mama yule ataanza safari ya mahakama, barua za LC1, viapo na nauli za bodaboda, na watoto watafukuzwa shule kabla jalada halijapata mhuri.

Kwa sababu hiyo kila nyumba yenye askari wa akiba ingefaa kuwa na sanduku lake, hata likiwa kopo la biskuti lenye kifuniko kigumu. Humo ziwekwe nakala ya barua ya kuandikishwa, namba ya jeshi ikiwa imeandikwa kwa mkono ulio wazi, cheti cha ndoa au barua ya ukoo inayoshuhudia ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za benki za miezi aliyolipwa, na daftari dogo. Katika daftari hilo mume aandike tarehe aliyoripoti, tarehe aliyoruhusiwa, vifaa alivyopewa na alivyorudisha, na cheo cha aliyevipokea. Pale Ggaba, ambako mvua za masika huleta maji ndani ya nyumba za bondeni, sanduku liwekwe juu ya kabati, si chini ya kitanda. Mke ajue lilipo. Wako waume wanaoficha karatasi za jeshi kwa wake zao kana kwamba ni siri za vita. Siri hiyo humdhuru mjane peke yake.

Tena mke asione haya kuuliza. Kuuliza kwa adabu si utovu wa nidhamu. Hata karani mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwani jibu lake humtetea.

Kambini nako yako mambo yanayoweza kufanyika bila kungoja bajeti mpya. Mtunza bohari asiwe ndiye mwenye kuhesabu bohari yake. Ahesabu mwingine, kutoka kikosi kingine, bila kutangulizwa taarifa. Karani asikae mahali pamoja miaka kumi mpaka akadhani daftari ni shamba alilorithi. Lakini asihamishwe pia kila miezi sita, kwani atakayekuja hatawajua watu. Anayeandika majina asiwe ndiye anayepeleka malipo. Siku hizi mishahara hupita benki, na hilo limepunguza mianya, ila benki hulipa jina iliyoletewa. Haiendi Ggaba kutazama kama mwenye jina yu hai. Sheria ya mwaka 2005 iliweka kamati za nidhamu katika vikosi pamoja na mahakama za kijeshi juu yake, hivyo haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na mahali pa kumfikisha mkosaji. Kilichopungua mara nyingi ni mtu wa kuleta ushahidi, na ushahidi ni lile daftari dogo la ndani ya kopo.

Lililo jepesi kuliko yote ni siku ya kuhesabiwa. Mara moja au mbili kwa mwaka askari wote wa akiba waitwe, si kwa mafunzo wala kwa dharura, bali kusikia majina yao. Orodha isibandikwe ukutani kwa kila mpita njia, kwa kuwa hiyo ni mali ya jeshi. Isomwe ndani ya uwanja, kamanda akiwa amesimama na orodha ya malipo mkononi mwake mwenyewe, si mkononi mwa karani. Kila anayeitwa aitikie, asogee, aonyeshe kitambulisho chake, aseme mrithi wake ni nani na simu yake ni ipi. Aliye mgonjwa au aliye kisiwani aletewe habari na jirani yake, naye atafutwe ndani ya juma moja. Na jina litakaloitwa mara tatu bila kuitikiwa na mtu, wala kujulikana na jirani yeyote, lipigwe mstari mwekundu papo hapo mbele ya wote, na kando yake iandikwe tarehe, pamoja na jina la aliyeliandika mara ya kwanza.